Marcia, mwanamke aliyeuliza majina ya watu walio shimoni

Ndugu zangu wa mgodi, na ninyi mama mnaobaki nyumbani mkisikiliza kama sirene imelia kwa saa yake ao kwa saa isiyo yake, leo nataka kuwaeleza maisha ya mwanamke aliyeishi Roma zaidi ya miaka 1800 iliyopita. Jina lake Marcia. Kanisani hatumsikii sana. Kanisa halikumwandika kamwe katika hesabu ya watakatifu, na mtakapofika mwisho wa habari hii mtaelewa sababu. Lakini kwa mtu anayetumika chini ya udongo, naona ni vigumu kupata mwanamke mwingine wa kanisa la kwanza anayetuhusu kumpita huyu. Juu yeye njo aliuliza swali ambalo wakubwa wengi hawaulizi: wale walio shimoni, majina yao ni nani?

Mgodi uliokuwa adhabu

Kwanza tuelewe mgodi wa wakati ule ulikuwa nini. Katika sheria ya Roma, adhabu ya kwanza kwa ukali ilikuwa kifo. Iliyoifuata karibu sana ilikuwa kupelekwa mgodini. Mtu aliyehukumiwa hivyo alipoteza uhuru wake na mali yake. Alikuwa mtumwa, na hata bwana wa kumnunua hakuwa naye: sheria ilimhesabu kuwa mtumwa wa adhabu yenyewe. Walimfunga chuma miguuni, walimnyoa nywele upande mmoja wa kichwa ili akikimbia ajulikane. Wengi walipelekwa kwa maisha yao yote. Hakuna mshahara, hakuna mkataba unaoisha, hakuna mtu wa kumlilia.

Mgodi mmoja wa namna hiyo ulikuwa kwenye kisiwa cha Sardinia, katika Bahari ya Kati, upande wa magharibi wa Italia. Kule walichimba risasi na feza. Risasi ile ilitengeneza mabomba ya maji ya miji mikubwa, na feza ilitengeneza pesa za Kaisari. Ninyi mnajua kazi ile bila mimi kueleza sana: nyundo, patasi, taa ndogo ya mafuta, vumbi, hewa nzito. Tofauti ni kwamba sisi saa ikifika tunapanda juu.

Wakristo walipelekwa mle juu ya imani yao. Serikali ya Roma haikuwatafuta kila siku nyumba kwa nyumba, lakini jirani akimshitaki mtu, na mtu huyo akikataa kutoa sadaka kwa miungu ya serikali, basi hukumu inaanguka. Mwaka 180, tarehe 17 mwezi wa saba, kule Karthago katika Afrika ya kaskazini, Wakristo 12 wa mji mdogo wa Scillium walikatwa vichwa siku moja. Wengine, kule na kwingine, walipewa mgodi.

Kanisa halikuwaacha. Karibu mwaka 170, askofu Dionysius wa Korinto aliandika barua ya kuwashukuru Wakristo wa Roma juu walikuwa na desturi ya kutuma msaada kwa ndugu walio migodini. Na mwaka 197 Tertullianus wa Karthago alieleza kwamba kila mwezi kila Mkristo alileta alichoweza, bila kulazimishwa, na ile feza ilisaidia yatima, wazee, watu waliovunjikiwa na meli, na wale walio migodini, visiwani na gerezani. Sisi wa sendika tunaita hiyo kotizasio. Mnaona kwamba haikuanza jana, na haikuanza na wazungu wa kampuni.

Msichana aliyelelewa na padri

Marcia hakutoka katika jamaa za wakubwa. Aliyemlea alikuwa mzee mmoja wa kanisa la Roma, padri, jina lake Hyacinthus. Alikuwa towashi, ni kusema mwanaume aliyehasiwa, namna walivyofanya watumwa wengi wa nyumba kubwa. Kwa hiyo Marcia alikua akisikia Injili kwa mtu ambaye hakuweza kuwa na mtoto wake mwenyewe, na ambaye alimfanya yeye kuwa mtoto wake.

Lakini maisha hayakumpeleka mahali ambapo padri angependa. Alipokuwa mkubwa, alikaa na tajiri mmoja aliyeitwa Quadratus, bila ndoa. Katika mwaka 182 Quadratus aliingia katika njama ya kumuua Kaisari Commodus. Njama ikashindwa, Quadratus akauawa, na watu wa nyumba yake wakachukuliwa katika jumba la Kaisari. Marcia alikuwa kati yao. Eclectus pia, mtumishi mkubwa wa nyumba ile.

Huyo Commodus alikuwa kijana mwenye mamlaka yote na akili ndogo. Baba yake, Marcus Aurelius, alikuwa mtu wa kusoma na wa kufikiri. Mtoto alipenda kupigana uwanjani na wanyama na wapiganaji, alivaa ngozi ya simba kama Hercules, na mwishowe aliita mji wa Roma kwa jina lake mwenyewe. Mke wake wa ndoa, Crispina, alifukuzwa mpaka kisiwa cha Capri na kuuawa huko. Kisha Marcia akakaa pale alipokuwa bibi. Alipewa heshima karibu zote za malkia, isipokuwa moto uliotembezwa mbele ya malkia njiani. Lakini ndoa hakuwa nayo. Watu wa kwetu wangemwita bureau ya pili, na wangecheka.

Mimi sicheki. Najiuliza tu: msichana aliyetoka chini, aliyechukuliwa kama kiti cha nyumba ya mtu aliyekufa, alikuwa na uwezo gani wa kumwambia Kaisari hapana? Hatuiti kosa kuwa haki. Lakini tusimhukumu kama mtu aliyechagua barabara zote alizopita.

Swali alilouliza

Mwanahistoria Cassius Dio, ambaye aliishi Roma wakati ule na hakuwa Mkristo, ameandika kwamba Marcia aliwapendelea Wakristo sana na kuwatendea mema mengi, juu aliweza kupata kila kitu kwa Commodus. Hippolytus, padri wa Roma, anaeleza jambo moja kati ya hayo mema.

Ilikuwa kati ya mwaka 189 na 192. Askofu wa Roma alikuwa Victor, mzaliwa wa Afrika ya kaskazini. Marcia alimwita Victor na kumuuliza ni Wakristo gani walio katika mgodi wa Sardinia. Hakuomba sala ya jumla kwa ajili ya wote wanaoteseka duniani. Aliomba liste. Alitaka majina.

Na Victor alikuwa nayo. Hapo pia tuangalie vizuri. Kanisa la Roma lilikuwa la watu masikini wengi, watumwa na wafanyakazi wa mikono, lakini lilijua kwa majina watu wake waliokuwa mbali, ng'ambo ya bahari, chini ya udongo. Mtu alikuwa ameandika. Mtu alikuwa ameitunza ile karatasi. Kama Victor angejibu kwamba wako wengi na hajui hesabu, habari ingeishia pale.

Marcia alichukua majina kwa Commodus na kuomba. Alichagua saa gani, alisema namna gani, hakuna aliyeandika. Lakini kila mama anayeishi na mwanaume mwenye hasira anajua kwamba kuomba kitu kwa mtu wa namna hiyo ni kazi ya hatari. Akapata barua ya kuwaachilia. Kisha akaiweka katika mikono ya Hyacinthus, yule mzee aliyemlea, naye akapanda meli kwenda Sardinia.

Fikiri ile siku. Watu wenye nywele za upande mmoja, weupe kwa vumbi, wanaitwa jina kwa jina, na minyororo inafunguliwa.

Mtu ambaye hakuandikwa

Lakini wakati majina yaliposomwa, mtu mmoja hakusikia jina lake. Aliitwa Callixtus.

Huyu alikuwa mtumwa wa Mkristo mmoja, Carpophorus. Bwana wake alimpa feza ili afungue nyumba ya kuweka na kukopesha pesa, na wajane na ndugu wengi wa kanisa waliweka akiba yao kwake. Feza ikapotea. Callixtus akakimbia mpaka bandarini, akapanda meli. Alipomwona bwana wake anakuja, akajitupa majini. Wakamtoa, wakamfunga kwenye kazi ya kusaga. Alipoachiliwa ili atafute madeni, alifanya fujo katika sinagogi siku ya sabato, akashitakiwa, akapigwa fimbo na kutupwa Sardinia. Aliyeandika habari hiyo ni Hippolytus yule yule, na alikuwa adui wa Callixtus, kwa hiyo tusikilize kwa uangalifu. Lakini hata tukipunguza nusu, tunaelewa kwa nini Victor hakumwandika. Alikuwa mtu wa matatizo. Wajane walipoteza feza yao kwake.

Callixtus alianguka kwa magoti mbele ya Hyacinthus, akalia, akaomba naye atoke. Mzee angeweza kumwonyesha karatasi na kusema kwamba jina haliko, sheria ni sheria. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwa mkubwa wa serikali wa kisiwa, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemlea Marcia, na kwamba kama kutakuwa neno, litamwangukia yeye. Mkubwa akakubali. Callixtus akatoka.

Victor alipomwona Roma hakufurahi. Lakini hakumtupa: alimpeleka kukaa Antium na kumpa posho ya kila mwezi. Baadaye askofu Zephyrinus alimrudisha na kumpa kazi ya kusimamia makaburi ya Wakristo, yale yaliyo chini ya ardhi kwenye barabara ya Appia. Mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Aliyetoka mgodini alipewa tena kazi ya chini ya ardhi, lakini safari hii kwa kuwapumzisha ndugu zake. Na mwaka 217 huyo mtu ambaye hakuwa kwenye liste akawa mwenyewe askofu wa Roma, Papa kama tunavyosema leo, mpaka mwaka 222. Adui zake walimlaumu sana juu alikuwa mwepesi kuwasamehe wenye zambi wanaotubu. Sishangai.

Hapa lazima niungame jambo langu. Miaka mingi iliyopita, mimi nikiwa delege kijana, nilipewa kazi ya kuandika majina ya wafanyakazi waliodai mishahara ya nyuma. Mtu mmoja nilimruka. Alikuwa mlevi, na kabla ya hapo alikuwa amekula feza ya kotizasio yetu. Nilijiambia kwamba amejitafutia. Jumapili, nikitoka kanisani, bibi yake alinikuta mlangoni kwangu na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama jasho la bwana yake lilikuwa maji. Niliongeza jina, lakini liste ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenda, na ile nyumba ilingoja miezi minne zaidi ya wengine. Mtoto yule hakusoma mwaka ule. Feza ya kotizasio ilikuwa kosa la baba. Mwaka wa masomo uliopotea ni kosa langu.

Liste ya pili

Turudi kwa Marcia, juu maisha yake hayakuisha vizuri.

Mwisho wa mwaka 192 Commodus alikuwa ameharibika kabisa. Alitaka tarehe 1 ya mwaka mpya atokee mbele ya watu akitoka katika kambi ya wapiganaji, amevaa silaha kama mmoja wao. Mwandishi Herodianus anaeleza kwamba Marcia alianguka miguuni pake na kulia, akimwomba asijiaibishe na kuiaibisha serikali. Eclectus na Laetus, mkubwa wa walinzi, walimshauri vilevile. Commodus alikasirika. Alikwenda chumbani kwake, akaandika majina ya watu wa kuuawa usiku ule. Jina la kwanza lilikuwa Marcia.

Mtoto mdogo aliyechezacheza katika jumba aliokota ile karatasi na kutoka nayo. Marcia alimkuta njiani, akaitwaa asije akaharibu kitu cha maana, akasoma. Mwanamke aliyekuwa amepeleka liste ya kuokoa watu, sasa alishika mkononi liste ya kifo, na jina lake liko juu.

Aliwaita Eclectus na Laetus. Jioni ile, tarehe 31 mwezi wa 12, Marcia alimpa Commodus sumu. Alipoanza kutapika, waliogopa atapona, wakamtuma kijana wa mieleka, Narcissus, akamnyonga. Kaisari alikuwa na miaka 31.

Marcia akaolewa na Eclectus. Amani yao haikufika hata miezi mitatu. Kaisari mpya, Pertinax, aliuawa na askari mwezi wa tatu mwaka 193, na Eclectus alikufa akimtetea. Aliyemfuata, Didius Julianus, aliununua ufalme kwa askari kwa mnada. Huyo aliamuru Marcia auawe. Safari hii hakuna aliyekuwa na barua ya kumtoa.

Tunajifunza nini

Njo maana nilisema kanisa halikumwita mtakatifu. Mikono yake ilikuwa na damu, na mimi siwezi kuwaambia kwamba Mkristo anaruhusiwa kuua hata kama jina lake limeandikwa ili afe. Wakristo wa Scillium wangeweza kumfundisha. Tusimfuate pale. Sendika yoyote inayojaribiwa kwenda kwa jiwe na moto ikumbuke pia: waliomuua Commodus walidhani wamemaliza, na ndani ya miezi michache karibu wote walikuwa wamekufa.

Lakini mema yake yasitupwe pamoja na makosa yake. Wengi kati yetu tunangoja kwanza tuwe safi kabla ya kufanya kazi ya Mungu. Mama anasema hana ndoa ya kanisa, basi hawezi kusema kitu. Baba anasema alikunywa sana zamani, basi anyamaze. Marcia hakungoja. Maisha yake hayakuwa yamenyooka, lakini alikuwa karibu na sikio la mwenye nguvu, na alilitumia sikio lile kwa ajili ya watu waliokuwa chini, wasioweza kumlipa. Wewe unayepika kwa mkubwa wa kampuni, wewe unayeandika karatasi katika ofisi, wewe ambaye ndugu yako ni injinia: uko karibu na sikio la nani?

Tena, tujue majina. Kanisa ao sendika isiyojua kwa majina nani mgonjwa wa kifua, nani hakulipwa, mjane gani bado anazungushwa juu ya karatasi za bwana yake, haitakuwa na kitu cha kumpa Marcia siku akiuliza.

Na liste ikiwa imeandikwa, tuisome tena mara ya pili, tukitafuta Callixtus. Kila mtaa uko na mmoja. Ni yule tuliyemchoka.

Jumapili hii, ukiwa kanisani, angalia benchi ambayo haijajaa, na uulize jina la anayekosekana. Kisha nenda kwake kabla ya poste ya jumatatu. Kazi njema, ndugu zangu, na Mungu awapandishe wote juu salama.